Kubuku hoteli ya nje bila kuachia watu kadi yako: maelekezo toka steshenari ya Mwanga, Kigoma

Nina steshenari Mwanga hapa Kigoma mjini, fotokopi, picha za pasipoti, laminesheni, kuprinti, kujaza fomu za mtandaoni, kazi mnazozijua. Miaka ya karibuni imeingia kazi nyingine ambayo sikuipanga, watu wanakuja niwasaidie kubuku hoteli za nje. Wafanyabiashara wanaoenda Dubai na Guangzhou kufata mzigo, wagonjwa wanaopelekwa India, vijana wa semina Nairobi na Kigali. Wale wa Bujumbura wengi hawahangaiki, wanapita Manyovu wanafika wanatafuta chumba kwa miguu, ila hao wengine lazima wabuku kabla na lazima watoe namba za kadi, na hapo ndipo roho inaniuma kila wiki.

Mwezi uliopita asubuhi nimewasha kompyuta ya wateja, nikafungua lile folda la vitu vilivyodaunlodiwa nisafishe, nikakuta picha mbili. Kadi ya benki mbele, kadi ya benki nyuma. Imepigwa juu ya meza yangu mwenyewe, mwanga mzuri, namba 16 zinasomeka, mwezi na mwaka wa kuisha, jina kamili, na ukigeuza nyuma zile namba 3. Mteja alikuja jana yake akafungua WhatsApp yake kwenye kompyuta, akashusha picha akaituma kwa imeili ya hoteli fulani, akalipa mia tano ya kuprinti akaondoka zake. Na WhatsApp hajaitoa, bado ilikuwa inaingiza meseji zake. Yani angekaa pale mtu mwingine mwenye tamaa kidogo tu, ile kadi ilikuwa yake.

Sasa naandika hapa kila kitu ninachowaambia wateja wangu nikipata muda, maana dukani foleni ikiwa ndefu siwezi kumuelezea mtu vizuri.

Kwanza tuelewane kadi ni kitu gani. Sisi tumezoea gesti, unafika, unajaza daftari la wageni jina, kabila, ulikotoka, unakokwenda, unatoa hela mkononi unapewa ufunguo, imeisha. Mwenye gesti akishapokea elfu ishirini yako hawezi kesho kuchukua nyingine kwenye mfuko wako. Kadi haiko hivyo kabisa. Ukitoa namba za kadi hujatoa hela ya chumba, umetoa ufunguo wa akaunti, na ufunguo ule utabaki kwa waliouchukua hata ukisharudi nyumbani. Tovuti nyingi zinakutumia OTP, ile namba ya siri ya kutumika mara moja, kwenye simu kabla hela haijatoka, ndio maana watu wanajiona wako salama, wanasema si mpaka namba ya siri ije kwangu. Hapana. Zipo sehemu nyingi duniani zinazokata hela bila OTP, zinahitaji namba 16, tarehe ya kuisha na zile 3 za nyuma tu, na nyingine wala hizo 3 haziulizi. Kwa hiyo hizo namba zichukulie kama PIN.

Na kuna kitu wengi hawakijui. Kampuni za kadi zina kanuni zao zinaitwa PCI DSS, na mojawapo inamkataza mfanyabiashara yeyote kuhifadhi zile namba 3 za nyuma baada ya malipo kupita. Sasa wewe ukipiga picha ya nyuma ya kadi ukaituma kwa imeili, umeshamhifadhia. Itakaa kwenye imeili ya hoteli mwaka, miaka miwili, mitano, na kila mfanyakazi wa risepsheni atakayepewa paswedi ya ile imeili ataiona.

Mimi hili lilinikuta 2019. Nilibuku hoteli nje kwa ajili ya safari ya siku nne, wakaniandikia wanataka picha ya kadi pande zote mbili kama dhamana, nikatuma, kwa sababu waliandika kwa heshima na hoteli ilikuwa ya kweli kabisa, nikaenda nikalala nikarudi salama. Miezi mitatu baadae zikakatwa hela usiku, mara ya kwanza kidogo sana, dola moja na kitu, alafu baada ya siku mbili zikaenda laki tatu na themanini kwa pigo moja. Ile ndogo ya kwanza walikuwa wanajaribu kama kadi ipo hai. Sikujua. Niliona meseji ya benki nikadhani makato ya kawaida. Siku hizi nikiona makato madogo nisiyoyajua nasimamisha kila kitu, na wewe fanya hivyo hivyo, ile hela ndogo ndio hodi yao.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya, kabla hata hujatafuta hoteli, ni kutenga kadi. Usitumie kadi inayoingiza mshahara wala ile yenye mtaji wa duka. Mitandao ya simu hapa kwetu siku hizi ina kadi za mtandaoni, Visa au Mastercard, unaitengeneza ndani ya menyu ya hela ya simu, unapewa namba 16, tarehe na zile 3, haina plastiki, na ndani yake inakuwa na kile unachoweka wewe tu. Baadhi ya benki nazo wanatoa. Kama mtandao wako hauna, fungua akaunti ndogo ya pembeni yenye kadi yake ya debiti, iache na hela ya kuifanya isife tu, siku ya kulipa unahamishia kiasi kinachotakiwa. Mfano chumba ni dola 45 mara siku 4, ni dola 180, weka ya kama dola 190 kwa rate ya siku hio maana ubadilishaji huwa unaongeza kidogo, alafu basi. Mwizi akija kupiga anakuta sufuria tupu.

Ila kadi ya mtandaoni ina mambo yake mawili lazima nikwambie maana watu wamenirudia wakilalamika. La kwanza, hoteli nyingine ukifika wanataka kuona kadi ile ile uliyobukia, kwa macho, na wewe huna plastiki. Kwa hiyo ukitumia ya mtandaoni chagua chumba kinacholipwa chote kabla kwenye tovuti, alafu waandikie hoteli mapema uwaulize kama hio kadi haina plastiki watakubali depoziti ya hela taslimu. La pili, usiifute ile kadi ukishalipa! Kuna dada wa Gungu alilipa, akafuta kadi akijiona mjanja, safari ikaahirishwa, hoteli wakarudisha hela kwenye kadi ambayo haipo tena, tukahangaika nayo karibu miezi miwili kupiga simu huduma kwa wateja. Iache mpaka umeshalala, umeshatoka, na kama kuna cha kurudishwa kimesharudi.

Alafu kadi yoyote utakayotumia angalia kwanza kama imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Kadi nyingine za benki zetu hazikubali mpaka uwashe kwenye aplikesheni au uende tawini ujaze fomu. Mtu anajaribu mara tano inakataa, anadhani tovuti mbovu, anaishia kukubali kutuma hela kwa njia ya ajabu ajabu. Na kwenye hio hio aplikesheni, kama inaruhusu, weka kikomo cha siku, na ukimaliza kulipa funga manunuzi ya mtandaoni mpaka utakapohitaji tena.

Sasa tuje kwenye kulipa kwenyewe. Ingia mwenyewe. Nasema tena, ingia mwenyewe. Andika jina la tovuti kwa mkono wako au fungua aplikesheni iliyoko kwenye simu yako, usibonyeze linki uliyotumiwa na mtu, hata kama ni shemeji yako kaiforwadi, yeye nae katumiwa. Na ukitafuta kwenye Google usikimbilie lile jibu la juu kabisa lenye alama ya tangazo, matangazo yananunuliwa na matapeli nao wana hela ya kununulia.

Kusoma anwani ya tovuti nimewafundisha wengi na inachukua dakika moja, shika hapa. Tuseme umeona hii: hotelijua.com.hakiki-malipo.info/lipa. Jicho la haraka linaona hotelijua.com linatulia. Wewe tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, ule wa kabla ya neno lipa, alafu rudi nyuma kushoto uchukue vipande viwili vya mwisho. Utapata hakiki-malipo.info. Huyo ndio mwenye nyumba. Hizo hotelijua.com za mbele ni bango tu kalitundika mlangoni, mtu yeyote anaweza kulitundika. Kwenye simu anwani inakatwa haionekani yote, gusa kwenye ile sehemu ya juu uivute uisome mpaka mwisho. Na kale kakufuli kanakokaa pembeni usikaamini sana, kenyewe kanasema tu kwamba mazungumzo kati yako na ile tovuti yamefungwa wengine wasisikilize, hakakwambii kama unayezungumza nae ni mwizi, tovuti za wizi nazo zina kufuli.

Kama hoteli huijui kabisa, itafute jina lake kwenye ramani, chukua namba ya simu ya pale, usichukue ile iliyokuja kwenye meseji, uwapigie. Uliza tu, mna nafasi tarehe fulani, mnatumia tovuti gani kubukia, kiasi gani. Kingereza chako kikiwa kidogo haidhuru, watu wa hoteli wamezoea. Simu ya shilingi elfu mbili inaokoa laki tano.

Hapa sasa ndio penyewe, naomba usome taratibu, maana huu ndio wizi ulioshika kasi na unawakamata hata watu makini. Umebuku vizuri, tovuti ya kweli, hoteli ya kweli, umepata namba ya uthibitisho. Baada ya siku mbili tatu inakuja meseji, mara nyingine inakuja WhatsApp, na mara nyingine inakuja ndani kabisa ya chati ya ile ile tovuti uliyobukia. Inataja jina lako, tarehe zako, hoteli yako, bei yako mpaka senti. Inasema kadi yako imeshindwa kuthibitishwa, bonyeza hapa uhakiki ndani ya saa 12 la sivyo chumba kinafutwa. Mtu anasema kama ingekuwa wizi wangejuaje yote haya?

Wanajua kwa sababu wamemuibia mwenye hoteli kwanza. Kuanzia 2023 imeripotiwa sana nchi nyingi, tapeli anaiandikia hoteli imeili akijifanya mgeni, labda kasahau pasipoti chumbani au ana mzio wa chakula, anaambatanisha faili, mfanyakazi wa risepsheni anafungua, kumbe lile faili linabeba kirusi kinachokomba paswedi za ile kompyuta. Akishapata paswedi anaingia kwenye akaunti ya hoteli kwenye tovuti ya kubukia, anaona wageni wote wanaokuja, anaanza kuwaandikia mmoja mmoja. Kwa hiyo meseji imetoka kwenye akaunti ya kweli ya hoteli, ila anayeandika sio hoteli. Kwa hiyo kutajiwa jina na tarehe zako kusikutoe wasiwasi. Ni kama zile meseji zetu za "ile hela tuma kwenye namba hii", tofauti ni kwamba hawa wamesoma kwanza daftari lako.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja wa Ujiji, namheshimu sana, mume wake alikuwa anapelekwa Chennai kwa matibabu ya figo. Chumba nilikuwa nimewabukia mimi karibu na hospitali, siku 4 za mwanzo dola 180. Akaingia na simu mkononi anahema.

"Mwanangu, hoteli wameniandikia hapa, nisomee vizuri."

Nikasoma. Nikamuuliza, "Mama, umeshawapa chochote?"

"Nimewapa zile za mbele na za nyuma, sasa wanataka na hii iliyokuja kwenye meseji, nikaona nisifanye bila wewe."

Ile iliyokuja kwenye meseji ni OTP ya benki. Nikamwambia mama hebu tuisome yote, sio ile namba peke yake. Watu wengi tunasoma OTP kwa kuzirukia zile tarakimu sita tu. Ilikuwa imeandikwa kiasi: dola 640. Na jina la anayelipwa halikuwa la hoteli wala la ile tovuti, lilikuwa jina la duka la vitu gani sijui, nchi nyingine kabisa. Chumba cha dola 180 kinathibitishwaje kwa dola 640? Tukakaa pale pale kwenye kiti cha wateja tukafungia kadi kwenye aplikesheni ya benki, alafu tukapiga simu benki wakaiua kabisa wakamwandikia nyingine. Hela haikutoka. Angebonyeza zile namba sita, ingekuwa imeondoka hela ya dialisisi.

Kwa hiyo OTP isome yote kila siku, kiasi, sarafu, jina la anayelipwa. Vikipishana na unachokilipa, acha. Na OTP hapewi mtu, haandikiwi mtu kwenye chati, hasomewi mtu kwenye simu hata akisema yeye ni wa benki. OTP inaandikwa sehemu moja tu, kwenye ukurasa wa malipo uliouanzisha wewe dakika hio hio.

Na hapa kuna utata ambao sitaki kukuficha. Wakati mwingine ni kweli kadi imekataa. Kama umebuku chumba cha kulipa ukifika, hoteli ina haki ya kujaribu kadi yako kabla, na ukiwa na kadi ya mtandaoni isiyo na kitu itakataa, na tovuti itakuandikia kweli ubadilishe kadi ndani ya muda fulani. Sasa utatofautishaje? Usibonyeze chochote kwenye meseji. Funga, fungua aplikesheni mwenyewe, ingia kwenye safari zako, fungua ile buking. Kama tatizo lipo kweli, litakuwa limeandikwa pale pale na pana sehemu ya kubadilisha kadi pale pale. Kama pako kimya na pameandikwa imethibitishwa, basi ile meseji ni ya mwizi, na uipigie hoteli uwaambie akaunti yao imeingiliwa, utakuwa umeokoa na wengine.

Kuna hoteli ndogo, hasa za familia, bado wanang'ang'ania picha ya kadi au ile fomu ya kuidhinisha makato ya kadi, unajaza namba zote unasaini unaskani unarudisha. Waombe linki ya malipo ya kampuni ya malipo inayojulikana, au omba kulipa kupitia tovuti kubwa, au omba ulipe ukifika. Asilimia kubwa ya ninaowaandikia wanakubali ukiwauliza vizuri. Wakikataa kabisa na hoteli ni hio hio moja unayoihitaji, basi toa za kadi ya mtandaoni yenye hela ya chumba tu, namba 16 ziende kwa njia moja na zile 3 uwasomee kwa simu uliyopiga wewe, usizitume kwa maandishi. Kama wanataka picha, ziba kwa karatasi namba za katikati ubakishe 4 za mwisho na jina, na nyuma ziba zile 3. Pasipoti vile vile, wakitaka nakala andika juu yake kwa kalamu jina la hoteli na tarehe kabla hujaiskani, mtu asije akaitumia kufungulia akaunti mahali.

Ukiambiwa utume hela kwa benki kwenye akaunti ya jina la mtu binafsi, au kwa Western Union, au kwa sarafu za mtandaoni, ondoka. Sina maelezo marefu hapo. Malipo ya kadi yana njia ya kuyapinga kupitia benki yako, Visa na Mastercard wana utaratibu huo na kwa kawaida muda wake ni siku 120, ila benki yako inaweza kukupa muda mfupi kuliko huo kwa hiyo usilale. Hela uliyotuma kwa mtu ikishapokelewa huna pa kuishika.

Wakati wa kubukia nao una maana. Usiache ukabukie njiani. Treni yetu ya kwenda Dar inakaa muda mrefu porini hakuna mtandao, malipo yakikatikia katikati hujui kama yamepita au hayajapita, unalipa mara mbili. Maliza ukiwa nyumbani kwenye bando lako, sio WiFi ya bure ya stendi wala ya uwanja wa ndege. Na kabla hujaondoka washa roming ya laini yako, kwa sababu ukifika Dubai unataka kulipa kitu na OTP inaenda kwenye laini ya Tanzania iliyozimika, utakwama na utaanza kutafuta njia za mkato. Kama benki yako inaweza kutuma OTP na kwa imeili, waambie waiweke.

Ukifika hoteli kadi ichomwe mbele ya macho yako, isiende nyuma. Watakwambia wanashika depoziti, hela haijaondoka ila imefungwa, na kwa kadi zetu za debiti ni hela yako halisi inayofungwa, inaweza kukaa wiki moja mpaka mbili au zaidi baada ya kutoka ndipo ifunguliwe. Uliza kiasi kabla. Dubai kuna na tozo ya serikali ya utalii, dirhamu 7 mpaka 20 kwa chumba kwa usiku kutegemea daraja la hoteli, mara nyingi inalipwa pale pale, kwa hiyo ukiombwa hio usidhani unaibiwa. Mashine ikikuuliza unataka kulipa kwa shilingi au kwa sarafu ya pale, chagua sarafu ya pale, ukichagua shilingi wanakupigia rate yao wenyewe ambayo huwa mbaya.

Tunzeni na kumbukumbu jamani, mali bila daftari hupotea bila habari. Piga skrinshoti ya bei, ya masharti ya kufuta, ya uthibitisho, na chati zote. Ukirudi angalia taarifa ya benki kila wiki kwa miezi mitatu, kama mimi ilivyonitokea, hawaji siku ile ile. Na kadi uliyoihifadhi kwenye tovuti ingia uifute.

Likishatokea, fungia kadi kwanza, ndio uanze kulia. Alafu piga benki kwa namba iliyoko nyuma ya kadi, alafu nenda tawini na skrinshoti zako ujaze fomu ya kupinga malipo, na uchukue RB polisi, yani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, makosa haya yamo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na usikubali kuambiwa hayana kesi. Kama aliyekuandikia katumia laini ya Tanzania, ripoti ile namba kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na atakayekutafuta baadae akisema anaweza kukurudishia hela ukimlipa kidogo, huyo ni yule yule au ni mwenzie.

Kwa mnaotumia kompyuta za steshenari, yangu au ya mwingine yeyote: malipo ya kadi fanyia kwenye simu yako. Kompyuta ije kwa ajili ya kuprinti tu. Ukiwa umefungua WhatsApp yako, kabla hujanyanyuka nenda kwenye simu, vifaa vilivyounganishwa, utoe vyote. Faili ulilolishusha lifute, alafu nenda kwenye kapu la taka ulifute na huko. Fotokopi ikitoka mbaya usiiache kwenye boksi la karatasi chakavu, sisi zile tunafungia vitu, na wengine wanauza kwa wafunga maandazi. Chana au ondoka nayo. Usione aibu kuniambia dada toka hapo nifute vitu vyangu, nitatoka.

Yule mama wa Ujiji tulimtengenezea kadi ya mtandaoni kwenye laini yake, tukaweka ya chumba na ziada kidogo, tukalipa upya kwa simu yake yeye mwenyewe akibonyeza. Namba ya benki nilimwandikia kwa kalamu nyeusi sehemu tatu, ndani ya jalada la hospitali, nyuma ya pasipoti cover, na kwenye karatasi aliyomwachia binti yake pale nyumbani, kwa sababu kadi ikiibiwa na namba ya kupiga iko nyuma ya hio hio kadi, utaisoma wapi?